RAY LEMA: MUZIKI WAKE NI WA AINA GANI?



Mara hii hatutaandika juu ya usafi wa internaa, wala juu ya wale wanaochelewa ku kengele ya asubuhi. Tunaandika juu ya muziki. Sababu ni hii. Siku moja ya posho, kiisha kazi ya salongo, mmoja wetu alifungua muziki katika simu yake (wakubwa wa internaa watusamehe, ilikuwa saa ya mapumziko). Piano ilianza peke yake, polepole. Kiisha ngoma zikaingia, na sauti za watu. Mmoja akasema: «Hii ni ya kanisa.» Mwingine akasema: «Hapana, ni jazi ya Wamarekani.» Wa tatu akasema: «Sikilizeni vizuri, hii ni ngoma ya kijijini.» Tulibishana mpaka kengele ya chakula, hakuna aliyeshinda.

Mwenye muziki ule anaitwa Ray Lema. Ni Mkongomani. Sisi tunaojua majina ya waimbaji wote wa Kinshasa, na hata majina ya viatu vyao, yeye hatukumjua hata kidogo. Tulipata haya, basi tukatafuta habari zake. Na tulipozitafuta tuliona kwamba zinatugusa sisi wenyewe, juu ya jambo lililotokea katika korale yetu. Jambo hilo tutalisema mwishoni, maana si rahisi kulisema.

1. Mtoto wa stasio

Jina lake lote ni Raymond Lema A'nsi Nzinga. Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tatu mwaka 1946, ku stasio ya gari la moshi ya Lufu-Toto, katika Kongo ya Chini, ile tunaita leo Kongo Central. Sisi watu wa Kindu tunajua stasio ni kitu gani. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na mizigo ya kila upande inalala pamoja chini ya paa moja. Maisha ya mtu huyu yalikuwa vile tangu mwanzo.

Alipokuwa na miaka 11 aliingia seminere ndogo, kwa maana alitaka kuwa padri. Wapadri waliona kwamba mkono wake uko mwepesi, wakamfundisha kinanda na piano. Hapo alijifunza nyimbo za Kilatini za zamani, alijifunza pia Mozart na Bach. Sisi Waprotestanti tukumbuke kwamba yule Bach alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Waluteri, na nyimbo zingine tunazoimba asubuhi zinafuata sheria za sauti nne alizotumia yeye. Kwa hiyo mwanzo wa Ray Lema si mbali sana na mwanzo wetu: mtoto wa Kongo mbele ya kinanda, akisoma noti alizoandika Mzungu aliyekufa mwaka 1750.

Hakuwa padri. Alianza kusoma kemia ku iniversite, akaiacha vilevile. (Wa seksio ya kemia wasifurahi wala wasikasirike.) Usiku alipiga gitare katika manganda ya Kinshasa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kinshasa walikuwa wanasikiliza Beatles na Jimi Hendrix, naye akapiga muziki wao. Lakini hakudharau rumba: alifanya kazi na Tabu Ley, na vilevile na mama Abeti. Tuhesabu sasa: kanisa, Bach, roki, rumba. Nyumba nne, na katika kila nyumba alikaa mpaka akajua sheria zake. Hilo tulishike, litatusaidia mbele.

2. Kazi ya Leta

Mwaka 1974 inchi yetu iliitwa Zaire, na serikali ya Mobutu ilikuwa inasema kila siku neno «otantisite», yaani kurudia mambo ya mababu. Mambo mengi ya wakati ule wazee wetu wanayakumbuka kwa uchungu. Lakini katika kazi ile kulitoka jambo moja jema: Leta ilitaka kuwa na Ballet National, kundi moja la ngoma na michezo ya inchi yote, na muziki wake wakampa Ray Lema auongoze.

Akazunguka katika inchi, akisikiliza na kukusanya muziki wa makabila. Kongo iko na makabila zaidi ya mia mbili. Hapa Maniema tu, wapo Walega, Wakusu, Wazimba, Wasongola, Wabangubangu na Wagenya wa mtoni, na kila mmoja yuko na ngoma zake, njia yake ya kucheza na njia yake ya kuimba. Fikirini mtu aliyesoma Bach anafika mbele ya mzee ambaye hajaona noti hata siku moja, na mzee yule anapiga kitu ambacho yeye hawezi kukiandika. Nani hapo ni mwalimu, nani ni mwanafunzi?

Ray Lema alikubali kuwa mwanafunzi. Tunaona hapa njo moyo wa habari yake yote. Angeweza kusema: «Hawa hawajui kipimo, niwafundishe.» Alikuwa na diplome ya masikio yake na cheo cha Leta. Lakini aliona kwamba kipimo kiko, tena ni kikali kuliko kile cha kitabu. Yeye njo alikuwa hakisikii.

3. Gurudumu

Sasa tueleze kipimo hicho, maana bila kukielewa hatutaelewa kitu chochote cha Ray Lema. Tusieleze kwa maneno matupu. Fanyeni hivi katika kalasi, saa mwalimu hayuko (lakini polepole).

Hesabuni wote pamoja kutoka moja mpaka sita, kiisha rudieni moja bila kusimama. Upande wa dirisha wapige meza juu ya moja, tatu na tano. Upande wa mlango wapige juu ya moja na nne. Kila upande usiache mapigo yake, hata wakisikia wengine wanawavuta. Mkiweza kuendelea dakika moja tu, mtasikia kitu cha ajabu: wa dirisha wanapiga tatu, wa mlango wanapiga mbili, na wote wanafika pamoja ku moja. Kati ya wale wa dirisha na wale wa mlango kunazaliwa wimbo wa tatu, ambao hakuna mtu mmoja anayeupiga.

Hiyo ni ngoma mbili tu. Ku kijiji ngoma ziko tatu, nne, tano, na kengele ya chuma, na makofi ya wamama, na miguu ya wachezaji. Kila mmoja yuko na kipande kidogo. Ukisikiliza kipande kimoja peke yake unaweza kucheka, kinaonekana kama mchezo wa mtoto. Lakini ukikitoa, vyote vinaanguka.

Ray Lema anapenda kufananisha muziki huu na gurudumu. Matembezi ya askari yanaenda mbele kama ngazi: moja, mbili, moja, mbili. Ngoma inazunguka. Na gurudumu halina mwanzo: mmoja anaweza kuingia hapa, mwingine pale, na kila mmoja anasikia «moja» yake mahali pake. Kwa sababu hiyo ni shida kuunganisha wapigaji wa makabila mbalimbali katika kundi moja. Wote wako na kipimo kizuri, lakini mlango wa kuingilia si mmoja. Mtu anayewaongoza hawezi kuwaamuru tu. Lazima kwanza asikie mlango wa kila mmoja.

Kuna jambo la pili, ni la sauti. Piano iko na hatua kumi na mbili, na zote zimepimwa sawasawa kiwandani. Likembe haiko vile. Fundi anaipima kwa sikio lake, kufuata wimbo wa kwao, na likembe ya kijiji kimoja inaweza kukataa kuimba na ya kijiji kingine. Wengi husikia hivyo na kusema: «Likembe hii ni ya uongo.» Lakini haisemi uongo. Inasema luga nyingine. Mpiga piano anayependa likembe lazima atafute njia katikati, na hiyo ni kazi aliyoifanya Ray Lema mbele ya piano.

4. Inchi za mbali

Mwaka 1979 shirika moja la Marekani, Rockefeller Foundation, lilimwalika kule. Akaenda. Kutoka Marekani alifika Ulaya, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akakaa Ufaransa. Disiki moja aliyoitoa mwaka 1983 aliipa jina la njia yake mwenyewe: Kinshasa-Washington D.C.-Paris. Mnaona, bado ni mtoto wa stasio.

Kule Ulaya wengine waliotoka kwetu walipiga muziki wa kucheza, ule uliopendwa, na hawakukosea, walipata mkate wao. Yeye alichukua njia ingine. Hatuwezi kutaja disiki zake zote, ziko mingi. Tuchague chache ambazo zinaonyesha namna ya kazi yake.

Mwaka 1989 alitoa Nangadeef. Neno lile ni la Kiwolof cha Senegali, ni salamu, kama sisi tunasema «habari gani». Ndani yake wanaimba Mahotella Queens, wamama wa Afrika ya Kusini, na anapuliza Courtney Pine, mpiga saksofoni wa Uingereza. Disiki moja, salamu ya Senegali, mtungaji wa Kongo, sauti za Afrika ya Kusini.

Mwaka 1992 alifanya kazi na Profesa Stefanov na waimbaji wanawake wa Bulgaria, wa kundi la Pirin. Watu wa inchi ile wako na nyimbo za kuhesabu saba: mbili, mbili, tatu. Kiisha wanaweka sauti mbili karibu sana mpaka zinagongana, na wao wanaona utamu katika kugongana kule. Mwalimu wetu wa solfeji angesimamisha korale mara moja! Lakini mtu aliyekwisha kuzoea gurudumu la ngoma haogopi hesabu ya saba, na mtu aliyekwisha kusikia likembe haogopi sauti zinazogongana. Tunafikiri kwamba yale aliyojifunza kwa wazee wa Kongo njo yalimfungulia mlango wa Bulgaria, zaidi ya yale aliyosoma ku seminere.

Mwaka 1998 ilitoka kazi aliyofanya na orkestre ya violoni ya Sundsvall, inchi ya Swedi. Mwaka 2000 ilitoka nyingine, na Wagnawa wa Maroko. Hao Wagnawa tuwaangalie kidogo. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliotolewa kusini ya jangwa la Sahara, wakapelekwa kaskazini kuwa watumwa. Walibaki na chombo cha nyuzi tatu chenye sauti nzito, na vyuma vya mkononi ambavyo sauti yake, wengine wanasema, inakumbusha minyororo. Sisi wa Maniema habari ya minyororo hatuhitaji kuelezwa. Nyangwe na Kasongo ziko katika jimbo letu, na msafara wa watumwa ulipita hapa. Ni ku barabara ile ile Kiswahili chetu kilitufikia, katika karne ya kumi na tisa. Mtoto wa Kongo na mjukuu wa mtumwa wa Maroko wanapopiga pamoja, ni kama watu wa ukoo walioachana ku njia wameonana tena.

Mwaka 2004 alifanya kinyume cha yote: alitoa Mizila, yeye peke yake na piano, hakuna mwingine. Halafu akaenda Brazil kupiga na orkestre kubwa ya Sao Paulo, na mwaka 2016 alitoa Riddles, piano mbili tu, yake na ya Mfaransa Laurent de Wilde. Baadaye tena aligeuka akarudia nyumba yake ya zamani, akatengeneza disiki nzima kwa kumkumbuka Franco, mfalme wetu wa rumba aliyekufa mwaka 1989.

5. Sanduku

Sasa turudi ku ubishi wetu. Muziki huu ni wa aina gani?

Wenye kuuza disiki waliuliza swali hilo hilo, maana kila disiki lazima ilale katika sanduku lake ndani ya duka: jazi hapa, roki pale, muziki mkubwa wa violoni kule. Mwaka 1987 watu wa kampuni za disiki walikutana London, wakaamua sanduku moja kwa wote waliotoka mbali: «muziki wa dunia». Sanduku lile lilisaidia wengi kujulikana, tusiseme uongo. Lakini angalieni vizuri: mpiga kora wa Mali, mwimbaji wa Bulgaria na mpiga piano wa Kongo, wote katika sanduku moja, kwa sababu gani? Kwa sababu si wa kwao. Hiyo si aina ya muziki. Ni kama kusema kwamba wanafunzi wote wasiolala internaa ni kabila moja.

Mtu asiye na sanduku analipa. Ray Lema amelipa. Hakupata umati wa watu kama Franco. Katika inchi yake mwenyewe vijana kama sisi hatukujua jina lake. Na kuna deni lingine zito: alipotoka mwaka 1979, alirudi kupiga muziki Kinshasa mwaka 2011. Hesabuni wenyewe, ni miaka 32. Mtu aliyekuwa amezunguka inchi yote kukusanya nyimbo zake, alikaa miaka 32 bila kuipigia.

Wengine kati yetu watasema: «Kumbe basi kuchanganya ni rahisi, nami nitachanganya.» Hapana, ndugu. Turudie yale tuliyosema mwanzoni. Mtu huyu hakuchanganya vitu asivyovijua. Aliingia kila nyumba akavua viatu, akajifunza, kiisha njo akafungua mlango wa kati. Anayeweka sukari, chumvi, pilipili na mafuta ya gari katika sufuria moja naye anachanganya, lakini hakuna atakayekula.

Jibu letu basi ni hili: swali lenyewe lilikuwa baya kidogo. Tuliuliza ni wa aina gani, kama vile wauzaji. Tungeuliza: katika muziki huu, nani anasikiliza nani?

6. Na sisi?

Sasa lile jambo la korale.

Wote mnakumbuka matayarisho ya sikukuu ya Pasaka. Kijana mmoja wa kalasi za chini alileta lokole ya kwao, akaomba kuipiga katika wimbo wa sauti nne. Alipiga. Sisi wakapita tuliokuwa tukiongoza korale tulimsimamisha mara tatu. Tulimwambia anaharibu, anakosa kipimo, aende kwanza kujifunza kuhesabu. Wengine walicheka. Akafunga lokole yake katika kitambaa, akatoka, na tangu siku ile hajarudi ku korale. Tena wenzake watatu walimfuata, na besi yetu ikabaki dhaifu mpaka leo.

Tulipofanya ile hesabu ya sita ku meza, upande wa dirisha na upande wa mlango, tulitazamana na kunyamaza. Ni kile kile alichokuwa akipiga. Wimbo ulikuwa unaenda kwa mbili, yeye alipiga tatu ndani yake, na kila mara alifika pamoja nasi ku moja. Hakukosa hata pigo moja. Ni sisi tulikuwa hatusikii.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa kanisa upigwe lokole. Wimbo mwingine unataka kimya, na wakubwa wetu wa kanisa wako na haki ya kuchagua kinachofaa ibada. Lakini kuchagua ni jambo moja, na kumwambia mtu kwamba hajui kitu anachokijua kuliko wewe ni jambo lingine. Zaburi ya 150 inataja tarumbeta, kinubi, matari, nyuzi, filimbi na matoazi, yote pamoja katika wimbo mmoja, wala haikuuliza yawekwe katika sanduku gani.

Kwa hiyo tumefanya mambo mawili. La kwanza, sisi wakapita tulienda ku dortoir ya wadogo, tukaomba msamaha kwa kijana yule, mbele ya wenzake, kwa sababu ni mbele ya wenzake tulimwaibisha. Alisikiliza, alisema «ndiyo, wakubwa», lakini hakusema kama atarudi. Ni haki yake. La pili, tumeomba ruhusa, nasi tumeipata, ya kukutana kila posho saa kumi, chini ya muembe wa nyuma ya kalasi ya kwanza. Anayejua ngoma, likembe au wimbo wa kwao, aje atufundishe, hata kama ni wa kalasi ya kwanza. Wenye kufundishwa siku hiyo ni sisi wa mwaka wa mwisho.

Na mtakapoenda mapumziko nyumbani, fanyeni kazi moja ndogo. Ulizeni babu na nyanya ni nani katika kijiji anayejua bado kupiga. Kaeni karibu naye. Simu ambazo mnazificha chini ya godoro ziko na mahali pa kushika sauti. Kwa kazi hiyo tunaamini hakuna mkubwa atakayekasirika. Ray Lema alitumwa na Leta. Sisi hakuna atakayetutuma, na wazee hawangoji.

Sisi wa mwisho tuko na egzame ya Leta mbele yetu, kiisha tutawaachia shule. Tungependa kuiacha na korale yenye besi.

 Bwana awabariki.

Kwa niaba ya wakapita,
Kapita mkubwa, kalasi ya mwisho
Kindu